BIBLIYOTEKE NI YA NANI?
Maneno juu ya wasomaji wenye otisime



Mara hii ninaandika juu ya bibliyoteke yetu, na juu ya watu wanaotoshwa humo bila sisi kujua tunatosha nani. Ninaandika sasa, sitangoji vakansi, kwa sababu komite ya bibliyoteke itakutana mbele ya mwisho wa trimestri hii kwa kuandika upya kanuni za siku ya posho. Ninyi wote munajua: siku tano bibliyoteke ni ya shule, lakini siku ya posho mlango unafunguliwa kwa watu wa mtaa, wakubwa na wadogo. Sasa kuna shauri limeletwa: kuwafungia watoto wa mtaa mlango, juu ya kelele. Kila darasa litatuma mjumbe wake. Mjumbe asiyeelewa jambo atainua mkono bure. Basi tuelewe kwanza, kisha tuinue mikono.

1. OTISIME NI NINI?

Neno hili tumelipata katika Kifaransa. Wandugu wa Tanzania na Kenya wanasema usonji. Otisime haiambukizi, tena si homa ya kupita. Ni namna ubongo wa mtu unavyojengwa tangu mwanzo, mbele hajajua hata kutembea. Anakua nayo, anazeeka nayo. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 karibu mtu 1 kwa watu 127 duniani alikuwa nayo. Kwa hesabu hiyo, fasi penye watu 500, karibu 4 wako nayo. Hawako mbali na sisi.

Watu hawa hawafanani. Mmoja hasemi hata neno. Mwingine anasema mingi sana, lakini paka juu ya jambo moja analolipenda, labda mashua, labda nyota, labda ndege. Mmoja anahitaji msaada kwa kula na kuvaa. Mwingine anafaulu masomo yote. Hata hivyo kuna mambo yanayorudi mara nyingi. La kwanza: mazungumzo na watu yanawachokesha. Kumtazama mtu machoni kunaweza kuwa kazi nguvu, na maneno ya mzaha au ya kuzunguka wanayachukua sawa vile yalivyosemwa. Ukimwambia "ngoja dakika moja", atahesabu dakika moja. La pili: wanapenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule. Njia ile ile, kiti kile kile, kitabu kile kile. La tatu: masikio, macho na ngozi yao yanapokea vitu kwa nguvu zaidi kupita yetu, au mara nyingine kwa nguvu kidogo. Sauti ambayo wewe huisikii tena kwa sababu umeizoea, yeye anaisikia sawa vile nyundo.

Munganga Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore huko Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hiyo katika mwaka 1943. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya wengine. Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika Mississippi. Wazazi wake walikuwa wameshauriwa kumweka katika nyumba ya kufungia watoto. Kisha walimrudisha nyumbani. Akasoma, akafanya kazi katika benki ya mji wake miaka mingi, akatembea inchi nyingi za dunia, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Watu wa mji wake walimzoea jinsi alivyo. Njo dawa iliyomsaidia sana.

Tuseme pia visivyo vya kweli. Katika miaka ya 1950 na 1960 watalaamu wengi walisema kwamba mama asiye na upendo ndiye anayeleta otisime. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima juu ya wazo hilo katika mwaka 1967. Wamama wengi walilia bure. Lakini tangu 1964 Bernard Rimland, aliyekuwa baba wa mtoto wa namna hiyo, alikuwa ameisha kuonyesha kwamba chanzo ni cha mwili, si cha ubaya wa mama. Leo wenye elimu wanakubali kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa.

Kwetu sisi wazo mbaya liko na sura ingine. Watu wanasema: "Ule mutoto iko na pepo", ao "ni mulozi". Neno hilo limetupa watoto wengi barabarani. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, artikle ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na kusema kwamba sheria itamwazibu mwenye kufanya hivyo. Basi anayelitoa neno hilo kwa mlango wa bibliyoteke ajue kwamba anasema jambo ambalo Leta imelikataza.

2. JUU YA NINI BIBLIYOTEKE?

Labda utauliza: kama mtu anasumbuliwa na watu na kelele, anatafuta nini katika bibliyoteke? Jibu ni hili: hakuna fasi katika mji inayomfaa kuipita.

Angalia vizuri. Sokoni kila kitu kinabadilika kila siku, na bei unaipata kwa maneno mingi. Uwanjani watu wanasukumana. Lakini katika bibliyoteke kila kitu kina fasi yake. Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpango wake wa namba katika mwaka 1876, na bibliyoteke nyingi za dunia zingali zinaufuata: sayansi ni 500, nyota ni 520, wanyama ni 590. Kitabu cha ndege ulichokiona leo kwenye 598, juma lijalo utakikuta kwenye 598. Kwa mtu anayependa utaratibu, hiyo ni nyumba ya raha. Tena hakuna anayekulazimisha kuongea. Unaweza kukaa saa mbili bila kusalimia mtu, na hakuna atakayesema huna adabu. Mwenye kupenda jambo moja tu atapata kitabu juu ya jambo lile, kisha cha pili, kisha cha tatu.

Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947, hakusema mpaka alipopita miaka 3. Alipokuwa mkubwa alijifunza tabia ya ngombe, kwa sababu alikuwa anaona mambo yanayowaogopesha ambayo wafugaji hawakuyaona: kivuli kwa njia, mnyororo unaotikisika, koti lililotundikwa kwa uzio. Akawa profesa wa chuo kikuu cha Colorado State, na nyua za ngombe alizozichora zinatumika fasi nyingi. Macho yale yale yanayoteswa na taa ndiyo yaliyoona mnyororo.

Sasa tuangalie bibliyoteke kwa macho kama yale. Nimekaa humo siku ya posho nikiandika kila sauti kwa kaye. Kuna kashe inayogongwa juu ya meza kila kitabu kinapotoka. Kuna viti vinavyokwaruza simenti. Mlango hauna kitu cha kuuzuia, unajipiga kila upepo ukija. Umeme ukipotea, grupe inawashwa nyuma ya dirisha la kusini. Mvua ikinyesha juu ya manjanja, hatusikilizani. Kisha kuna taa za neoni. Umeme wetu ni wa Hertz 50, na taa za neoni za namna ya zamani zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde moja. Wengi hatuoni. Kuna wanaosumbuliwa nayo mpaka kichwa kuuma. Na juu ya hayo yote, mara nyingi sauti kubwa kupita zote katika nyumba ile ni ya yule anayeita: "Silansi!"

Sasa munaweza kuelewa jambo lililotokea mwaka huu. Kijana mmoja wa mtaa, wa miaka karibu 12, alikuwa anakuja kila siku ya posho. Sitaji jina lake, na mimi si munganga, si kazi yangu kumpa jina la hali yake. Alikuwa anaingia, anaenda etajere ya wanyama, anatosha kitabu cha ndege, anakaa kiti cha pembeni. Siku ile kitabu kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Kijana akasimama mbele ya fasi tupu. Akaanza kujitikisa, akitoa sauti kama ya nyuki. Watu wakacheka. Wengine wakapaza sauti: "Mumutoshe inje, anatuvuruga!" Akaziba masikio. Wawili wakamshika mikono, naye akalia kwa nguvu sana, akaangusha kiti. Akatoshwa. Tangu pale hajarudi. Mama yake, anayeuza ndizi karibu na barabara, alisema neno moja tu: "Ilikuwa fasi moja tu anatulia."

Watalaamu wanatofautisha kilio cha namna ile na hasira ya mtoto anayetaka bonbo. Mtoto wa bonbo anatazama kama unamwona, ukimpa, ananyamaza. Huyu mwingine amejaa, sawa vile debe lililojaa maji: tone la mwisho likiingia, yote yanamwagika, na yeye mwenyewe hawezi kuyazuia. Kumshika kwa nguvu, kumwambia maneno mingi, kumzunguka watu wengi, yote hayo ni kuongeza maji.

3. WENGINE WAMEFANYA NINI?

Jambo hili lina njia, na wengine wameisha kuipitia. Mwaka 2008, bibliyoteke mbili za jirani katika jimbo la New Jersey, Marekani, ile ya Scotch Plains na ile ya Fanwood, zilitengeneza filamu fupi ya kuwafundisha wafanyakazi wa bibliyoteke jinsi ya kumpokea msomaji mwenye otisime. Mafundisho yenyewe ni mepesi: sema kwa sauti ya kawaida, tumia maneno machache na yaliyo wazi, mpe mtu wakati wa kujibu, usimlazimishe kukutazama machoni, usimguse bila ruhusa. Uingereza nako, katika mwaka 2016, wakuu wa bibliyoteke za watu wote waliungana na shirika Dimensions kwa kuwafundisha wafanyakazi wao.

Fasi zingine wameweka saa ya utulivu, taa zimepunguzwa. Wengine wanasoma hadithi kwa watoto wachache, na picha zimetundikwa ukutani kwa kuonyesha kitakachofuata: kwanza kukaa, kisha hadithi, kisha wimbo, kisha kwenda. Mwalimu Carol Gray wa Michigan, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, aliwafundisha walimu kuandika visa vifupi vinavyomweleza mtoto fasi mpya mbele hajafika: utaona nini, utafanya nini, nani atakusaidia. Bibliyoteke nyingi leo ziko na karatasi za namna hiyo.

Wala hii si huruma ya kupenda kwao tu. Tangazo la UNESCO juu ya bibliyoteke za watu wote lilitoka mara ya kwanza mwaka 1949, likaandikwa upya mwaka 1972, 1994 na 2022. Linasema bibliyoteke ya watu ni ya kila mtu kwa usawa, na kwamba wale wasioweza kuitumia sawa vile wengine watengenezewe njia yao. Inchi yetu nayo iliingia mwaka 2015 katika Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe juu ya watu hao.

4. SISI TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Utasema: Marekani wako na feza. Ni kweli. Lakini someni mambo haya saba, muhesabu ni franka ngapi yanaomba.

a) Tuweke kitambaa kilichokunjwa chini ya kashe, na vipande vya mpira wa gari chini ya miguu ya viti. Mtengeneza viatu wa karibu na lango anatupa vipande kila siku.

b) Tufunge mlango kwa kamba na jiwe ili usijipige.

c) Meza ya pembeni, karibu na dirisha la kaskazini, iwe meza ya utulivu. Iko mbali na grupe, na mwangaza wa jua unatosha, neoni ya pale izimwe. Anayeikalia haulizwi kitu.

d) Saa ya kwanza ya siku ya posho, kutoka saa mbili mpaka saa tatu asubui, iwe saa ya watu wachache, isiyopita watu kumi. Anayeogopa msongamano aje pale, na mzazi wake akitaka.

e) Tuandike karatasi moja ya stensili, tuigawe kwa mtaa. Nimejaribu kuiandika hivi: "Siku ya posho ninaenda bibliyoteke. Ninaingia kwa mlango mkubwa. Ninaona meza ya mtunza vitabu. Ninaweza kusalimia, ao ninaweza kuonyesha mkono tu. Ninatafuta kitabu changu. Mara nyingine mtu mwingine anakisoma. Hapo ninaweza kuandika jina langu kwa karatasi ya kungojea, na kuchukua kitabu kingine. Nikisikia kelele mingi, ninaweza kwenda meza ya utulivu, ao kutoka chini ya mti. Ninaweza kurudi." Wanafunzi wenye mkono wa kuchora waongeze picha kwa kila neno, juu ya wasiojua kusoma.

f) Kila etajere iwe na picha pamoja na namba: ndege, gari, nyota, mchoro wa mwili wa mtu.

g) Wale wanaopewa zamu ya bibliyoteke wafundishwe nusu saa tu. Mtu akijaa, fanyeni hivi: mmoja tu amkaribie, kwa mbali kidogo. Wengine warudi kwa vitabu vyao, wasitazame. Maneno machache: "Uko salama. Mlango uko pale." Kisha kungoja. Hakuna kushika, isipokuwa anataka kujiumiza ao kuumiza mwingine.

5. KWA WALE WANAOKATAA

Neno la kwanza nililolisikia ni hili: "Sisi wa mwaka wa mwisho tuko na egizame ya Leta. Tunahitaji ukimya." Mimi pia niko wa mwaka wa mwisho, na egizame ile ile inanizuia usingizi. Lakini someni tena orodha. Kashe isiyogonga, viti visivyokwaruza, mlango usiojipiga, hakuna wa kuita "Silansi!" kwa sauti ya uwanja. Ni nani atakayepata ukimya zaidi? Ni sisi. Mwenye otisime ni rafiki wa ukimya kutupita. Tukitengeneza bibliyoteke kwa masikio yake, tumeitengeneza kwa egizame yetu.

Neno la pili: "Alete kwanza karatasi ya munganga." Wandugu, muniambie, munganga wa kuandika karatasi hiyo iko wapi katika mtaa huu, na mama wa ndizi atamlipa nini? Tukidai karatasi, tumefunga mlango kwa njia ya adabu. Juu ya hiyo mambo saba hayaulizi nani ni mgonjwa na nani ni mzima. Yatamsaidia pia mwenye kichwa kuuma juu ya malaria, mzee asiyesikia vizuri, na mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa wakubwa.

Neno la tatu lina uzito, sitalificha: "Kama akiangusha etajere, ao akimpiga mtu?" Usalama wa wote unalindwa, na kanuni iseme hivyo. Anayepiga anatoka, awe nani. Lakini kanuni iseme pia kwamba anatoka kwa siku ile, si kwa mwaka. Na kwamba juma lijalo mlango uko wazi. Na mbele ya kumhesabia kosa, tuulize nani alianza kucheka.

Basi wajumbe wa madarasa, ninawaomba mambo mawili siku ya komite. Mukatae shauri la kufunga mlango. Kisha muombe mambo haya saba yajaribiwe kwa trimestri moja tu, na mtunza vitabu aandike kwa kaye kila siku ya posho watu wangapi wameingia na fujo ngapi zimetokea. Mwisho wa trimestri tuangalie hesabu. Kama nimedanganyika, hesabu itasema.

Kwa kazi ya vipande vya mpira ninatafuta wanafunzi wanne wenye kisu na nguvu, siku ya tatu nyuma ya masomo. Na kitabu cha ndege kiko fasi yake, kwenye 598. Mtunza vitabu amekubali kwamba kila siku ya posho, mpaka saa tatu asubui, hakitapewa mtu. Aliye jirani ya mama wa ndizi amfikishie habari hiyo.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho